Bluu iliyopotea kwenye bika: uchambuzi wa kisa cha nyenzo mseto inayosafisha maji kwa mwanga

Kundi la watafiti limetengeneza unga wa manjano hafifu. Ndani yake mna vitu viwili vilivyounganishwa: titani dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani, na nitridi ya kaboni, inayopatikana kwa kuchoma melamini kwenye tanuri kwa nyuzi 550 za Selsiasi. Wameupima kama maabara nyingi zinavyopima. Wamechukua bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, chenye mililita 100 za maji yaliyotiwa rangi iitwayo bluu ya methilini, miligramu 10 kwa lita, wakamimina miligramu 50 za unga, wakakoroga gizani kwa nusu saa, kisha wakawasha taa ya zenoni ya wati 300 iliyowekewa kichujio kinachozuia mwanga wote wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 420. Baada ya dakika 90 maji yamekuwa maangavu. Spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na maji, inasema asilimia 96 ya rangi imeondoka. Titani dioksaidi peke yake imeondoa asilimia 40, nitridi ya kaboni peke yake asilimia 55. Ripoti inaandikwa, na sentensi yake ya mwisho inasema kwamba nyenzo hii mseto inaondoa vichafuzi vya ogani (vyenye kaboni) kwenye maji taka kwa mwanga unaoonekana, bila kuhitaji miale ya urujuanimno.

Kisa hiki ni cha mfano. Namba zake nimezipanga ziwe katika kiwango kinachojitokeza tena na tena kwenye majaribio ya aina hii, ili tuweze kuzifuatilia moja baada ya nyingine. Kilichopimwa ni kupungua kwa rangi moja, kwenye urefu mmoja wa wimbi, ndani ya maji safi. Kilichodaiwa ni kusafishwa kwa maji taka. Kati ya hayo mawili pana safari ndefu, na watafiti hawa bado hawajaianza. Jambo hili lina uzito kwa sababu kazi kama hii haiishii maabara. Anayesimamia maji yanayotoka hospitalini au kwenye kiwanda cha nguo ataisoma ile sentensi ya mwisho, na huenda asilifungue kabisa jedwali lililoizaa.

Mwanga unavyofanya kazi ndani ya unga

Titani dioksaidi ni semikondakta. Elektroni zake zimekaa kwenye ngazi ya chini ya nishati. Juu yao kuna pengo, na juu ya pengo kuna ngazi nyingine iliyo tupu. Mwanga wenye nishati ya kutosha huirusha elektroni hadi ngazi ya juu, na pale ilipotoka hubaki nafasi wazi inayoitwa tundu. Tundu hilo lina nguvu kubwa ya kunyang'anya elektroni. Likifika kwenye uso wa chembe huinyang'anya maji au ioni ya haidroksidi, na hapo huzaliwa radikali haidroksili, mojawapo ya vioksidishaji (vinyang'anyi vya elektroni) vikali kuliko vyote vinavyoweza kupatikana ndani ya maji. Elektroni iliyorushwa nayo hudakwa na oksijeni iliyoyeyuka, na huzaliwa superoksaidi. Hizo ndizo zinazovunjavunja kichafuzi. Lakini elektroni na tundu vikikutana kabla ya kufika usoni hubatilishana, nishati ikageuka joto, na huo ndio mwisho wa sehemu kubwa ya vyote vinavyozaliwa.

Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba elektrodi ya titani dioksaidi ikimulikwa inasaidia kuyapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wakaonyesha kwamba unga wake unaoksidisha sianidi ndani ya maji. Tangu hapo kazi imekuwa ikikwama mahali pamoja: pengo la titani dioksaidi ya umbo la anatasi ni elektronivolti 3.2 (kipimo cha nishati ya elektroni), maana yake inaamshwa na mwanga wa nanomita 388 au mfupi zaidi tu. Mwanga huo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua inayofika ardhini. Asilimia 95 iliyobaki inapita bila faida.

Ndiyo sababu watu wakakimbilia nyenzo mseto. Nitridi ya kaboni, ambayo mwaka 2009 ilionyeshwa kuwa kichocheo cha mwanga, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko kikimulikwa, kisicho na metali yoyote, ina pengo la elektronivolti 2.7, hivyo inaamka hata kwa mwanga wa bluu, hadi karibu nanomita 460. Peke yake ni dhaifu, maana elektroni na matundu yake hukutana upesi sana. Ukiiunganisha vizuri na titani dioksaidi, elektroni inaweza kuvuka mpaka na kuhamia upande wa pili, tundu likabaki nyuma, na vyote viwili vikapata muda wa kufanya kazi. Wazo hilo ni zuri na nina imani nalo. Swali ni kama jaribio la kundi letu limelionyesha.

Asilimia 40 ambayo haikupaswa kuwepo

Rudi kwenye namba za mwanzo uangalie ile ya titani dioksaidi peke yake. Kichujio kimezuia kila kitu chini ya nanomita 420. Titani dioksaidi inahitaji nanomita 388, na hata umbo lake la rutili, lenye pengo la elektronivolti 3.0, linahitaji kama 413. Kwa taa hii unga huo unapaswa kulala usingizi. Inakuwaje umeondoa asilimia 40 ya rangi?

Kwangu mimi hii ndiyo namba yenye maana kuliko zote katika ripoti, na ndiyo ambayo watafiti waliipita haraka kwa kuwa ilikuwa ndogo na ikaifanya ile 96 ionekane kubwa zaidi.

Jibu limo ndani ya rangi yenyewe. Bluu ya methilini ni bluu kwa sababu inameza mwanga mwekundu, kilele chake kikiwa karibu na nanomita 664. Taa ya zenoni inatoa mwanga huo kwa wingi na kichujio kinauruhusu wote upite. Molekuli ya rangi iliyonata juu ya chembe ya titani dioksaidi humeza mwanga, elektroni yake ikapanda ngazi, na kutoka huko inadondokea kwenye ngazi ya juu ya titani dioksaidi, ambayo inangoja ikiwa tupu. Rangi imepoteza elektroni na sasa ni radikali isiyo imara. Elektroni inadakwa na oksijeni, superoksaidi inazaliwa, na rangi inavunjwa. Ukitazama kwa nje unaona kichocheo cha mwanga kikifanya kazi. Kwa ndani, aliyemeza mwanga ni kichafuzi mwenyewe. Ni njia ile ile inayotumika kwa makusudi kwenye seli za jua zinazopakwa rangi.

Tatizo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 2006 Bunsho Ohtani na wenzake nchini Japani waliuliza waziwazi kama bluu ya methilini inafaa kupimia vichocheo vya mwanga unaoonekana, na jibu lao lilikuwa kwamba haifai. Njia waliyotumia inafaa kuigwa: walibadilisha urefu wa wimbi la mwanga hatua kwa hatua na kutazama kasi ya mmenyuko inafuata nini. Ikifuata mstari wa umezaji wa rangi, aliyefanya kazi ni rangi. Ikifuata mstari wa umezaji wa unga, ni unga.

Kwa kundi letu hali ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana. Nitridi ya kaboni inameza hadi nanomita 460 na kichujio kinaanzia 420. Kwa hiyo dirisha lote ambalo unga wao mseto unaweza kulitumia ni upana wa nanomita 40. Rangi, kwa upande wake, inameza kwa nguvu kuanzia karibu nanomita 550 hadi 700. Ndani ya bika ile mlaji mkubwa wa mwanga alikuwa rangi, na unga ukapata makombo.

Je, ina maana asilimia 96 ni uongo? Hapana. Rangi imeondoka kweli. Kinachoporomoka ni kuihamishia hukumu hiyo kwa vichafuzi vingine. Viuatilifu vingi, dawa za binadamu zinazopita kwenye mkojo, homoni, hivi karibu vyote havina rangi. Haviwezi kumeza mwanga unaoonekana na kujiangamiza. Ukiviweka kwenye bika ile ile, sehemu ya kazi iliyofanywa na rangi yenyewe inatoweka, na hujui imebaki kiasi gani.

Kilichotokea gizani

Kabla ya taa kuwashwa, ile nusu saa ya kukoroga gizani ilikuwa tayari imeshapunguza rangi kwa asilimia 30 kwenye unga mseto, asilimia 12 kwenye nitridi ya kaboni, na asilimia 5 kwenye titani dioksaidi. Ripoti ilijumlisha yote kwenye namba moja.

Ukiitenganisha, hesabu inakuwa hivi. Unga mseto ulianza kupigwa na mwanga ukiwa na miligramu 7 za rangi kwa lita ndani ya maji na ukamaliza na 0.4. Kwa mmenyuko wa daraja la kwanza, yaani ule ambao kasi yake hufuata kiasi kilichobaki, hiyo ni kasi ya 0.032 kwa dakika. Nitridi ya kaboni ilitoka 8.8 hadi 4.5, kasi ya 0.0075. Titani dioksaidi kutoka 9.5 hadi 6.0, kasi ya 0.0051. Unga mseto bado unaongoza, mara nne na zaidi kidogo ya nitridi ya kaboni. Kundi halikupoteza kitu kwa kusema ukweli, na ningependa hilo lionekane: kutenganisha giza na mwanga si kuwapunguzia sifa.

Ila zile miligramu 3 kwa lita zilizonata hazijavunjwa. Zimekaa juu ya unga, kiasi cha miligramu 6 kwa kila gramu. Ukiuchuja unga na kuusuuza kwa ethanoli, rangi iliyobaki inatoka na unaweza kuipima. Na kunata huko kunabadilika kulingana na asidi ya maji. Bluu ya methilini ina chaji chanya. Uso wa titani dioksaidi una chaji chanya kwenye maji yenye asidi na chaji hasi kwenye maji ya alkali, mpaka ukiwa karibu na pH 6.5. Unga uliobakiza alkali kidogo kutoka kwenye utengenezaji unaweza kupandisha pH ya bika bila mtu kujua, ukanatisha rangi zaidi, na kwa kuwa rangi iliyonata ndiyo inayoweza kumimina elektroni, ukaharakisha pia ule mmenyuko wa rangi kujiangamiza. pH haikuandikwa popote kwenye ripoti. Kwa kipimo kinachochukua dakika moja, ni pengo lisilo na sababu.

Nusu saa nayo imezoeleka tu. Kinachotakiwa ni kukoroga gizani mpaka vipimo viwili au vitatu mfululizo vilingane, iwe ni dakika 30 au saa mbili.

Kaboni imeenda wapi?

Hapa ndipo ningewaomba watafiti watumie nguvu zao nyingi.

Spektrofotometa ilisomwa kwenye nanomita 664 peke yake. Bluu ya methilini inapoanza kuvunjika kwa kawaida haipasuki katikati mara moja. Inavuliwa kwanza vikundi vya methili vilivyo pembeni, kimoja kimoja, na kila kikivuliwa kilele cha umezaji husogea kuelekea mawimbi mafupi, hadi karibu nanomita 600 pale vyote vinne vinapokwisha. Wakati huo molekuli ingali na pete zake zote tatu. Anayesoma 664 tu anaona rangi inaporomoka, kumbe nusu ya anguko hilo huenda ni kilele kimehama kutoka chini ya jicho lake. Dawa yake ni rahisi: hifadhi mkanda wote, kutoka nanomita 200 hadi 800, kwa kila sampuli. Eneo la urujuanimno, ambako pete za aromatiki humeza, ndilo litakalokuambia kama pete zimefunguka.

Bluu ya methilini ina mtego mwingine. Ikipokea elektroni inageuka umbo lisilo na rangi kabisa bila kupoteza hata atomu moja ya kaboni, na oksijeni ikirudi, bluu inarudi nayo. Pale ambapo oksijeni ndani ya bika inatumika haraka kuliko inavyoingia, sehemu ya weupe inaweza kuwa huu. Pulizia hewa kwenye sampuli iliyokamilika, isubiri, kisha ipime tena.

Halafu kipimo ambacho hakina mbadala: jumla ya kaboni ogani iliyobaki ndani ya maji. Kaboni ni asilimia 60 ya uzito wa bluu ya methilini, kwa hiyo miligramu 10 kwa lita zinabeba miligramu 6 za kaboni. Baada ya giza zinapaswa kubaki 4.2 ndani ya maji. Tuseme kundi limepima mwisho wa dakika 90 na kukuta 3.1. Maana yake ni kwamba wakati rangi iliyobaki imepungua kwa asilimia 94, kaboni imepungua kwa karibu asilimia 26 tu. Robo tatu ya kaboni ingali ndani ya maji maangavu, ikiwa katika molekuli ambazo hakuna aliyezitaja jina.

Tofauti ya namna hiyo kati ya rangi na kaboni ni jambo la kawaida, wala si fedheha kwa nyenzo. Mwanga ukiendelea kwa saa kadhaa kaboni nayo hushuka. Kilicho kibaya ni kuificha, kwa sababu zile molekuli za kati zinaweza kuwa salama kuliko kichafuzi au zinaweza kuwa hatari zaidi. Karbamazepini, dawa ya kifafa inayopatikana kwenye maji taka ya miji mingi, inapovunjwa na mwanga huweza kutoa akridini, na akridini ina sumu kwa viumbe vya majini kuliko dawa yenyewe.

Kemia ya bluu ya methilini inatoa pia shahidi wa pili asiye ghali. Kila molekuli ina atomu moja ya salfa. Ikivunjwa yote, salfa hiyo hutoka kama salfeti, na miligramu 10 za rangi zinapaswa kutoa miligramu 3 za salfeti. Nitrojeni tatu zilizomo hutoka kama amonia na naitreti, japo hapa pana kikwazo: nitridi ya kaboni nayo imejaa nitrojeni, na ikianza kuliwa na radikali zake yenyewe itamwaga naitreti pia. Jaribio la unga mtupu ndani ya maji yasiyo na rangi litatenganisha mambo hayo. Wengi hulisahau, na ndilo linaloonyesha kama kichocheo kinaoza.

Unga ukipewa kichafuzi kisicho na rangi

Kundi likarudia jaribio kwa fenoli, taa ile ile, kichujio kile kile. Tuseme matokeo ni haya: titani dioksaidi karibu haifanyi kitu, nitridi ya kaboni inaondoa asilimia 7 kwa saa tatu, unga mseto asilimia 18.

Kutoka 96 hadi 18 mtu anaweza kukata tamaa. Mimi naiona hii 18 kuwa matokeo bora kuliko yote katika kisa kizima. Ni namba ya kwanza ambayo ina haki ya kuitwa kazi ya nyenzo mseto. Titani dioksaidi imenyamaza kama nadharia inavyotaka, nitridi ya kaboni imefanya kidogo kama inavyojulikana, na muungano umezidi jumla ya wawili hao. Hapo pana kitu cha kuchimba. (Fenoli nayo si shahidi mkamilifu. Baadhi ya fenoli zikishikana na uso wa titani dioksaidi hutengeneza kiunganishi kinachomeza mwanga unaoonekana, ndiyo maana inafaa kuongeza kichafuzi cha pili cha familia tofauti.)

Lakini umezidi kwa sababu gani? Kuna jaribio moja linalopaswa kufanywa kabla ya mchoro wowote wenye mishale ya kuonyesha elektroni na matundu yanakokwenda: saga unga mbili pamoja kwenye kinu kidogo cha maabara, kwa uwiano ule ule, bila tanuri, upime. Kama mchanganyiko huo baridi unatoa asilimia 17, basi hakuna mpaka maalumu uliojengwa na umeme wa tanuri umepotea bure. Kama unatoa 9, mpaka upo na unafanya kazi.

Ripoti ya kundi ilikuwa na mchoro tayari. Ulionyesha matundu yakikusanyika kwenye ngazi ya chini ya nitridi ya kaboni na hapo yakizalisha radikali haidroksili. Hesabu ya nishati inaukataa. Ngazi hiyo iko karibu volti 1.6 dhidi ya elektrodi ya hidrojeni, ambayo ndiyo sifuri ya kipimo hiki, na kuitoa radikali haidroksili kwenye maji au haidroksidi kunahitaji karibu volti 2 au zaidi. Tundu lililokaa hapo halina nguvu hiyo. Kwa mwanga unaozidi nanomita 420 titani dioksaidi haizalishi matundu yake, kwa hiyo hata ule mpangilio mwingine unaopendwa siku hizi, ambao matundu makali ya titani dioksaidi yanahifadhiwa, hauwezi kuwa unatokea hapa. Njia inayobaki ni ya elektroni: inazaliwa kwenye nitridi ya kaboni, inavuka kwenda titani dioksaidi, inaikuta oksijeni, inatoa superoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi, na kutoka hapo radikali haidroksili chache. Asidi ya tereftaliki itazionyesha, kwa kuwa ikigongwa na radikali hiyo inang'aa kwenye nanomita 425. Mchoro sahihi ungekuwa na mishale michache kuliko ule wa ripoti, na ungeeleza pia kwa nini kasi ni ndogo.

Maji yasiyo ya maabara

Jaribio lote limefanyika ndani ya maji yaliyochujwa ioni zote. Maji taka hayako hivyo, na pengo hili linaweza kukadiriwa kwa karatasi na kalamu.

Chukua maji yenye bikaboneti miligramu 200 kwa lita, mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka yenye kaboni miligramu 5 kwa lita, na karbamazepini mikrogramu 1 kwa lita. Radikali haidroksili haichagui, inashika chochote kilicho karibu. Ukizidisha wingi wa kila kitu kwa kasi yake inayojulikana ya kuungana na radikali hiyo, bikaboneti inapata kama 28,000 kwa sekunde, mabaki ya viumbe 125,000, na karbamazepini 37. Yaani kati ya radikali 4,000 zinazozalishwa, moja ndiyo inayoifikia dawa. Hesabu hii inachukulia radikali zinazozurura huru, wakati kwenye kichocheo nyingi huishi karibu na uso, kwa hiyo ichukuliwe kama makadirio ya mwelekeo. Mwelekeo wenyewe hauna shaka.

Mabaki hayo ya viumbe yana madhara mengine mawili. Yanameza mwanga wa bluu, ambao ndio pekee unaoamsha unga huu, na yananata juu ya chembe na kukalia nafasi. Maji ya kahawia yanaweza kuuzima unga ambao kwenye maji safi ulikuwa hodari. Kwa sababu hiyo napendekeza kichocheo kiwekwe mwishoni mwa mtambo, baada ya matibabu ya kibayolojia na mchujo, pale mzigo wa kaboni umeshapungua na vilivyobaki ni vile vichafuzi sugu ambavyo bakteria wameshindwa.

Umeme, na unga wenyewe

Taa ya wati 300 kwa dakika 90 inakula kilowatisaa 0.45, na hapa zimetumika kwa mililita 100 tu. Ukibadilisha iwe kiasi cha umeme kinachohitajika kupunguza kichafuzi mara kumi ndani ya mita moja ya ujazo, unapata takriban kilowatisaa 3,600. Na hiyo ni kwa rangi. Kwa fenoli ni nyingi mno zaidi. Taa ya maabara haikutengenezwa kwa ajili ya kubana matumizi, na sehemu kubwa ya mwanga wake haikufika kwenye bika, hivyo si haki kuihukumu nyenzo kwa namba hiyo. Hata hivyo kipimo hicho kipo, kinakubalika kimataifa, na kinatoa ulinganisho: matibabu ya ozoni, au urujuanimno pamoja na haidrojeni peroksaidi, kwa kawaida hutumia chini ya kilowatisaa moja, wakati vichocheo vya mwanga vinavyotumia taa huzidi 100. Matumaini ya kweli ya nyenzo hizi yako kwenye jua, ambalo halilipiwi. Kituo cha jua cha Almería, nchini Uhispania, kimekuwa kikijaribu mabomba yenye vioo vya kukusanya jua kwa kazi hii kwa miongo kadhaa.

Jua likitumika, kichujio cha nanomita 420 hakina kazi tena, na mlinganisho unabadilika kabisa. Asilimia 5 ya urujuanimno inaingia, titani dioksaidi inaamka, na inawezekana unga mseto ukashindwa na titani dioksaidi ya kawaida ya dukani, maana nitridi ya kaboni inachukua nafasi na kuziba sehemu ya uso. Jaribio hilo la juani, unga wa kawaida upande mmoja na unga mseto upande wa pili, halimo kwenye ripoti. Mimi ningelifanya kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu kuukusanya unga baada ya kazi, ripoti ilisema kwamba umetumika mara tano na kupoteza nguvu kidogo. Chembe ndogo namna hii hazitulii chini zenyewe, na kila zinapochujwa sehemu hupotea. Ni muhimu kuandika uzito uliorudi kila mara, na kupima kama kuna titani ndani ya maji yaliyotoka. Kuzigandisha chembe juu ya vioo vidogo au vigae vyenye vinyweleo kunaondoa tatizo la kuchuja lakini kunapunguza uso unaogusana na maji, na kasi hushuka.

Kwa ushahidi uliopo, sentensi ambayo kundi linaweza kuitetea ni hii: unga mseto wa titani dioksaidi na nitridi ya kaboni unaoksidisha fenoli ndani ya maji safi, kwa mwanga wa nanomita 420 hadi 460, kwa kasi ndogo lakini inayozidi ya kila kimoja peke yake, na sehemu kubwa ya upoteaji wa bluu ya methilini chini ya taa hiyo inatokana na rangi yenyewe kumeza mwanga. Yanayosubiri ni mchanganyiko baridi wa kinuni, jumla ya kaboni kwa saa sita, fenoli kwenye maji yenye bikaboneti, na lile jaribio la juani. Kama la juani litaonyesha kwamba titani dioksaidi ya kawaida inashinda, kazi ya mwaka ujao itahamia kwenye kupunguza kiasi cha nitridi ya kaboni ndani ya unga, labda hadi asilimia chache tu ya uzito, na kupima upya kutoka hapo.